Mzee Ruateki Tokintekai, Aliyeinua Upenu

Mchungaji, wazee wa Tabonuea, na wageni wetu mliovuka maji kuja kutuzikia mzee wetu, mimi ni Akoia, mtoto wa marehemu dada yake, mwalimu mstaafu, wengi wenu nimewafundisha kusoma na wachache nimewachapa, kwa hiyo nawaomba mtulie na simu zizimwe, isipokuwa ile moja aliyoishika Mareta, binti wa marehemu, maana ndugu yake Tamuera anatusikiliza kutoka Auckland. Familia imenituma nisome historia ya mjomba kama ilivyo, na kwa kuwa ilivyo si nzuri yote, mtanivumilia.

Marehemu Mzee Ruateki Tokintekai alizaliwa tarehe 3 Septemba 1949 hapa hapa kijijini Tabonuea, kisiwani Onotoa, akiwa mtoto wa pili na mwanamume pekee wa Mzee Tokintekai na mkewe Nei Tarabe, Nei ndiyo Bi ya kwetu, alizaliwa mchana kweupe juu ya jukwaa la nyumba yao lisilokuwa na ukuta hata mmoja, upepo wa mashariki ukampitia kabla hajakatwa kitovu, na majirani wote waliokuwa wakikuna nazi upande wa pili walimwona anavyofika. Bibi alipenda kutuambia kwamba mtoto yule alijua kuinama kabla ya kujua kusema, maana maneaba ya zamani, nyumba ya mikutano ya kijiji, iliyosimama mahali hapa tulipo, upenu wake uliishia kwenye kifua cha mtu mzima, na kila aliyetaka kuingia, awe mzee, mchungaji au afisa wa serikali, ilimlazimu ajikunje katikati, mikono ikikaribia mchanga, apite chini ya majani ya mkadi, kisha ajinyooshe taratibu ndani penye giza na ubaridi. Mtoto alibonyezwa kisogo na mama yake mpaka shingo ikajua yenyewe. Mjomba alikuwa akisema kwamba mtu akishakunjwa vile, maneno yote ya ugomvi aliyokuja nayo humwagika nje, akifika mahali pa ukoo wake akaegemeza mgongo kwenye nguzo ya jiwe, hana tena la haraka la kusema.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, katika darasa lenye madawati, ambako alichapwa mara nyingi kuliko wenzake, si kwa ujinga bali kwa kuteremka kwenye dawati na kukaa chini bila ruhusa, na mwalimu alipomuuliza kisa alijibu kwamba miguu yake ikining'inia hasikii linalosemwa. Mimi nami nimefundisha miaka thelathini na mitatu na nimekutana na watoto wa aina hiyo, wala sikuwaelewa mpaka nilipokuja kumuuguza mjomba.

Mwezi Machi 1968 alikwenda kisiwani Banaba kuchimba fosfeti, akafanya kazi huko hadi machimbo yalipofungwa mwaka 1979, miaka kumi na moja, akilala kwenye mabanda ya wafanyakazi, vyumba vya kuta nne vyenye namba mlangoni, watu wanne chumba kimoja. Hakuzoea. Alilala kichwa kikiwa nje ya kizingiti na miguu ndani, mpaka wenzake wakawa wanamruka wakienda zamu, wakimwita mzigo wa mlangoni, naye aliwajibu, "Nirukeni tu, huko ndani ukuta unanirudishia pumzi yangu mwenyewe."

Akiwa likizo, tarehe 15 Julai 1972, alifunga ndoa na Nei Teaote wa kijiji hiki hiki, mwanamke mrefu, mwenye kicheko kilichosikika mpaka kwenye rasi ya pili, mrefu kuliko bwana harusi, jambo lililowapa watani wa mjomba kazi isiyokwisha. Teaote alimfuata Banaba mwaka 1974, na siku ya kwanza alipoonyeshwa chumba cha wenye ndoa aligonga ukuta kwa ngumi akauliza, "Ruateki, sasa jirani nitamwomba chumvi kupitia wapi?" Walijaliwa watoto wawili, Mareta aliyezaliwa huko huko Banaba tarehe 2 Juni 1975, na Tamuera aliyezaliwa hapa nyumbani tarehe 19 Januari 1981.

Waliporudi, Mzee Tokintekai alimkalisha mwanawe chini akaanza kumpa kazi ya ukoo wetu, kazi ya kupima na kusimamisha maneaba, ambayo hapewi ila mtoto mmoja wa kiume, na wakishapewa wawili inahesabika kuwa imeibwa. Alifundishwa miaka sita, kuanzia 1980 hadi baba yake alipofariki mwaka 1986, akakabidhiwa kamba ya makumbi yenye mafundo ishirini na matatu, kila fundo na kipimo chake, urefu wa mwamba, upana kati ya nguzo na nguzo, umbali wa mgongo wa mzee mmoja na mgongo wa mwenzake ili wasikilizane bila kupaaza sauti, na juu ya vyote kimo cha upenu, ambacho baba yake alimwambia mara tatu, tena akamrudishisha mara tatu, kwamba upenu hauulizi anayeingia ni nani. Alisimamisha maneaba mbili katika vijiji vya kusini, moja mwaka 1987 na nyingine mwaka 1988, na zote mbili watu waliingia wameinama, wakatoka wameinama, akapewa chakula cha heshima, babai la kwanza, gimbi letu la mashimoni, na kichwa cha samaki.

Sasa ndugu zangu, nafika mahali ambapo karatasi nyingine za misiba huruka, nami siruki.

Tarehe 6 Oktoba 1989, asubuhi, mkaza mjomba Teaote aliteleza ukingoni mwa shimo la babai akaanguka chali juu ya mawe yaliyo chini, akatolewa na wanawake wanne, na baada ya miezi mitano ya kulala akasimama, lakini mgongo ulikuwa umekakamaa wote, kuanzia kiunoni hadi shingoni, hawezi kuinama hata kuokota kijiko, hawezi kukaa mkekani, aweza kusimama, kutembea, na kukaa kwenye kisanduku, basi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuingia maneaba ya upenu wa kifuani. Walijaribu mara moja, Krismasi ya 1990, vijana wakamlaza juu ya mkeka wakampitisha chini ya upenu miguu ikitangulia, watu wote waliokuwa ndani wakanyamaza ghafla kwa jinsi ilivyofanana na jambo jingine, naye alipofikishwa ndani alisema kwa sauti ya kusikika, "Nitoeni. Siingizwi kama maiti na pumzi ninayo." Tangu siku hiyo alikaa nje, kwenye kisanduku chake, kando ya upenu, jua likiwa lake na mvua ikiwa yake, akisikiliza mikutano na sherehe za kijiji chake huku akiona magoti ya watu tu, na tarehe 4 Desemba 1993, Mareta alipoolewa, mama mzazi aliona ndoa ya bintiye kuanzia kiunoni kushuka chini. Mareta, najua unalia, lia tu mama.

Mwaka huo huo wazee walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba maneaba ya zamani imeoza, ivunjwe, isimamishwe nyingine, na fundi ni Ruateki, hakuna mwingine. Siku chache baada ya harusi, Ruateki alimsimamisha mkewe kwenye nguzo ya nyumba yao, akaweka kijiti juu ya fundo la nywele zake, akakata alama nguzoni. Teaote akacheka, "We mzee, unanipimia gauni? Ushonaji umeanza lini?" Akajibu, "Simama wima, acha maneno." Hakumwambia neno jingine. Mafundo ishirini na mawili aliyafuata kama alivyofundishwa, na fundo la upenu akaliruka, akatumia kimo cha mkewe na vidole vinne juu yake.

Kazi ilianza Januari 1994 na ikaisha Aprili, na makombamoyo yalipofungwa na majani yakashushwa, Mzee Bauro, ambaye yuko hapa mbele yangu na ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa msemaji wa wazee, alisogea mpaka kwenye upenu, akasimama chini yake wima, akainua mkono, akapapasa hewani, akasema, "Ruateki, umelewa? Kichwa changu hakifiki." Mjomba akajibu kwamba watu wa siku hizi wamekuwa warefu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, maana katika kisiwa kizima hakuna aliyerefuka, na Bauro akampa jina ambalo wengi wenu mmelitumia hadi kaburini, Mzungu wa Banaba, eti alikwenda kuona milango ya wazungu akarudi na majivuno, anataka watu waingie maneaba kama wanaingia dukani. Alilichukua jina hilo akalinyamazia miaka ishirini na minane. Leo natamka mbele yake, na sina mtu wa kumuomba ruhusa, kwamba hayakuwa majivuno, wala hakuleta kitu kutoka Banaba isipokuwa kikohozi. Aliinua upenu ili mkewe aingie kwa miguu yake. Hakusema, kwa sababu kusema kungekuwa kukiri kwamba kijiji kizima kimeachishwa kuinama kwa ajili ya mgongo wa mwanamke mmoja, na kwamba huyo mwanamke ni wake, na heshima ya wazee wote ameikata na kuigawa nyumbani kwake.

Maneaba ilifunguliwa Jumamosi tarehe 9 Aprili 1994. Mnakumbuka, maana ni jambo lililotuchekesha, watu walipofika kwenye upenu waliinama hivyo hivyo, wakapita wamejikunja chini ya hewa tupu, shingo hazikuwa na habari kwamba paa limepanda. Teaote peke yake aliingia wima. Alivaa gauni la kijani, akatembea mpaka mahali pa ukoo wetu, mumewe akamwekea kisanduku, akakaa, akatazama juu kwenye makombamoyo muda mrefu, kisha akamwambia kwa sauti ndogo ambayo mimi niliyekaa nyuma yake niliisikia, "Ruateki, umefanya nini wewe?" Nilidhani anashukuru. Sasa sina hakika.

Ilipofika Krismasi, hakuna tena aliyeinama. Watoto waliingia mbio na kutoka mbio. Wanaume waliingia wakiwa katikati ya maneno waliyoanza njiani, wakayaendeleza wamesimama, na mkutano ambao zamani ulianza kwa kimya ukawa unaanza kwa kelele. Jua la alasiri ambalo zamani liliishia kwenye ukingo wa mkeka wa kwanza likafika mpaka kwenye magoti ya wazee, upepo wa magharibi ukaleta chumvi mpaka katikati, migongo iliyoegemea mawe ikapata unyevu, vifua vikaanza kukohoa. Wengine wakaona kisanduku cha Teaote, wakasema kama yule anakaa juu, sisi tuna dhambi gani, wakaleta viti, kwanza wagonjwa, halafu wazee, halafu kila mwenye kiti, na waliobaki mkekani wakawa wanazungumza na visigino vya watu. Miguu ikavimba kwa kuning'inia, mtu akitaka kusema lazima ainuke, akiinuka huonekana anatisha, na aliyetishwa naye huinuka. Haya nayasema kwa sababu mjomba aliyaona yote, akiwa amekaa pale pale, akihesabu moyoni kila kilichoharibika, na kando yake mkewe amekaa, anacheka, anachangia, anatania wazee, amerudi kuwa mtu. Mjomba alikuwa na furaha na hofu katika siku moja, kila siku, kwa miaka mitatu na miezi kumi.

Tarehe 11 Februari 1998, Jumatano, saa tisa alasiri, upepo wa magharibi uliokuwa umevuma tangu Jumatatu uligeuka dhoruba, na kama ada watu wote walikimbilia humu, maana maneaba ndiyo kimbilio, haijawahi kuangusha mtu. Ile ya zamani upepo uliipanda mgongoni ukapita zake, kwa sababu upenu ulishika ardhi karibu. Hii upepo uliingia kwa chini, ukajaa ndani, ukatafuta pa kutokea. Paa lililia kwanza, kisha upande wote wa baharini ukanyanyuka na makombamoyo yakaanza kuachia. Kila mtu alijitupa chini nyuma ya nguzo za mawe, kama mtu yeyote anavyojitupa, kwa kujikunja, na waliojikunja wote walipona. Teaote alikuwa kwenye kisanduku. Mjomba alimkumbatia kiunoni akamvuta chini kwa nguvu zake zote, na mgongo ule haukukubali, akamwambia, "Nisamehe, nisamehe," naye akamwambia, "Lala wewe! Hebu niache, lala!" Mzee Bauro alimshika mjomba mguu akamvuta kwa ghafla, akaanguka kifudifudi, na hapo kombamoyo lilishuka. Nei Teaote alifariki papo hapo, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Hakuna mtu mwingine aliyeumia.

Jamani, nimeandika sentensi hiyo mara tisa na sijapata njia nzuri ya kuisema.

Mwezi Mei mwaka huo kijiji kilikutana kuhusu matengenezo, na Ruateki, akiwa bado ananyoa nywele za msiba, alisimama akasema neno moja, "Tuushushe." Akaombwa aeleze, akasema upenu urudi kifuani, kipimo anacho, kazi ataifanya bila kushukuriwa. Mzee Bauro akamjibu, na naomba asinichukie kwa kumkumbusha, "Wewe ndiye uliyeupandisha, leo unataka tuiname tena? Magoti yetu tumekwisha kuyazoesha viti. Tena wageni wa kanisa watapita wapi?" Wengine wakasema nguzo za saruji zitatosha, mabati yatatosha, upepo ule haurudi. Paa likarudishwa kwa mabati, kwenye kimo kile kile, na kwa ajili ya vipaza sauti likaongezwa shubiri moja. Kila Pasaka, tangu 1999 hadi 2018, mara ishirini, mjomba alisimama mahali pa ukoo wetu akasema, "Naomba tuushushe," na mara ishirini akajibiwa kwa kucheka, kwa kukohoa, au kwa kuitwa jina lake la Banaba. Angewaeleza kisa, labda mngemsikiliza. Hakueleza, maana angesema aliinua kwa ajili ya Teaote, kifo chake kingekuwa kimewekwa juu ya mgongo wa Teaote mwenyewe, na hilo hakulikubali. Alichofanya ni kuinama. Peke yake katika kijiji hiki alikuwa akifika kwenye ukingo wa mabati, anajikunja mpaka mikono inakaribia mchanga, anapita chini ya kitu kisichokuwepo, anajinyoosha ndani, na watoto wenu, ambao leo ni baba wa watoto, walikuwa wakijipanga nyuma yake wamejikunja kama yeye, wakicheka mpaka wanaanguka. Hakuwahi kuwafukuza. Nilipowakemea, aliniambia, "Waache, angalau wameinama."

Tamuera aliondoka mwaka 2007 kwenda New Zealand kuchuma matunda, msimu mmoja ukawa miaka, na sasa anafanya kazi ya kupachika kuta za bodi kwenye nyumba za watu. Baba yake alimpigia simu mara nyingi amwambie aje achukue kazi ya ukoo, na kila mara alijibu, "Baba, nitakuja Krismasi." Tamuera, unanisikia, sikulaumu zaidi ya unavyojilaumu, lakini Krismasi zilikuwa nyingi.

Mwaka 2019 mguu wa kulia wa mjomba ulianza kuoza kwa kisukari, Mareta akampeleka Tarawa, makao makuu ya nchi, nyumbani kwake Betio, nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu na milango. Alimpa kitanda kizuri. Hakulala hata siku moja kitandani, alilala kwenye saruji ya barazani, akisema kuta nne humrudishia pumzi, ndani kuna watu wanne na wote ni yeye. Kila mlango aliupita ameinama, ingawa ulikuwa mrefu kumzidi, na wajukuu walimcheka kama mlivyomcheka. Tarehe 9 Novemba 2020 mguu ulikatwa juu ya goti. Hapo hakuweza tena kukaa mkekani amekunja miguu, wala kuinama bila kuanguka, na mwili wake, uliojenga maneaba zote tatu, ukawa haufai kwa nyumba yoyote kati ya hizo.

Nilikwenda kumuuguza hospitalini Tarawa kuanzia Mei 2022. Wodini vitanda viko juu, vyuma pembeni, na juu yake dari nyeupe ya bodi, akaniuliza, "Akoia, juu ya hiki kitu kuna nini?" Nikamwambia kuna paa. "Mbao au bati? Limefungwa au limepigiliwa?" Nikasema sijui mjomba, limefunikwa. Akageuza uso, "Mtu unakufa hujui umelala chini ya nini." Ni hapo wodini ndipo aliponieleza habari ya kijiti na fundo la nywele. Nilipomaliza kulia nilipiga moyo konde nikamwambia, "Nifundishe mimi. Nina kalamu, nina akili, Tamuera haji. Nifundishe nikaushushe." Akasema, "Wewe ni mtoto wa dada, tena mwanamke. Nilivunja mara moja kwa kumpenda mtu, umeona. Sivunji mara ya pili." Nikamwambia, nami nakiri nilipaaza sauti mpaka muuguzi akaja, kwamba ile ya kwanza ndiyo iliyostahili kukataliwa, hii ndiyo ya kukubaliwa, kwamba amekosea hesabu. Akasema, "Huenda." Akanipa kamba, akafumba macho. Mafundo ishirini na matatu, na sijui hata moja ni la kipimo gani, wala hayupo duniani anayejua. Nimegombana naye siku zote zilizobaki, na hata leo, mbele ya jeneza lake, sijamaliza.

Alifariki dunia Alhamisi tarehe 18 Agosti 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, zikiwa zimesalia siku kumi na sita atimize sabini na mitatu. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na mpwa mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tarawa, waliomvumilia mgonjwa aliyekuwa akiomba kitanda kishushwe chini kila asubuhi. Inawashukuru majirani wa Betio waliomletea tembo la mnazi na hawakulalamika alipolala barazani wazi. Inawashukuru walimu wenzangu wa zamani waliosafiri siku mbili melini pamoja nasi na jeneza. Inawashukuru akina mama waliosuka mikeka hii usiku na mchana, ingawa wengi wenu mmeiweka chini ya viti. Mzee Bauro, ulimvuta mguu mwaka ule ukamwokoa, hakukushukuru na hakukusamehe, mimi nakushukuru kwa niaba ya familia, kukusamehe ni jambo ambalo kila mmoja wetu atalifanya kwa wakati wake. Familia haiombi upenu ushushwe. Hakuna wa kuushusha.

Limebaki jambo moja, nalo haliko kwenye karatasi. Siku tatu kabla ya kufariki aliniambia, akinishika mkono, "Msiniingize mle. Niwekeni nje, alipokuwa akikaa Teaote, mnisomee hapo, mnizike." Tulikaa kikao jana, tukasema jua ni kali, watu ni mia tatu, nje hakuna kivuli, na nyaya za vipaza sauti haziwafikii walio nje, na wote wakanitazama mimi kwa kuwa ndiye aliyeambiwa. Mimi ndiye niliyesema aingizwe. Vijana sita walimleta begani, nilikuwa nyuma yao natazama shingo zao, na hakuna hata moja iliyoinama, hata yangu.

Pumzika, mjomba, huko mchangani nje tunakokupeleka sasa, kwa amani ambayo humu ndani tulikunyima mpaka leo.